Comadre Si Ndugu

Jumatatu, 11 Februari 2008

Daftari hili nimepewa na Bi. Thao wa ofisi ya ushauri wa nyumba. Amesema niandike kila simu ninayowapigia wanaotudai mkopo wa nyumba: tarehe, saa, jina la aliyenijibu. Sawa. Nimeanza mbele kama alivyosema. Kisha nimeligeuza. Huku nyuma ni kwangu.

Karatasi imebandikwa mlangoni. Imebandikwa pande zote nne, kama plasta juu ya kidonda. Nilikuwa nimetoka kuchagua lozi kiwandani, vumbi mpaka kwenye kope, Chuy begani analia njaa. Kabla sijaibandua Itzel ameshaisoma. Ana miaka sita, anasoma kila kitu sasa, hata maboksi ya nafaka. Akaisoma kwa sauti, jirani anamwagilia maua pale.

"Mama, mnada ni nini?"

Nikamwambia ni soko. Si uongo.

Tarehe ya mnada ni 15 Aprili, kwenye ngazi za mahakama. Ngazi zile zile tulizopigia picha siku ya ndoa.

Riba imepanda. Tuliambiwa miaka miwili itakuwa chini, halafu "itajirekebisha." Neno zuri, kujirekebisha! Imejirekebisha kama mlevi anavyojirekebisha njiani: kwa kukuangukia. Na Efrén, mume wangu, hana kazi hapa. Nusu ya kuta za mtaa huu alizipiga lipu yeye. Sasa Stockton nzima hakuna anayejenga hata banda la kuku. Yuko Houston, anaezeka mapaa.

Chuy amelala. Nami nalala.

Jumatano, 13 Februari

Nimepiga simu wakati wa mapumziko ya chakula, nimekaa ndani ya gari. Muziki dakika arobaini na saba. Wimbo mmoja tu.

Kampuni ya kwanza: mkopo wako si wetu tena, tuliuuza. Ya pili: na sisi tuliuuza. Ya tatu, kijana mpole: "Sisi tunakusanya tu, mama."

"Mwenye mkopo ni nani, basi?"

"Wawekezaji."

"Wako wapi nizungumze nao?"

Akafikiri. "Ni wengi, mama."

Kumbe nilikopeshwa na umati.

Alhamisi, 28 Februari

Leo nimeona kitu.

Nilikwenda kwa Bi. Thao na Chuy. Bi. Thao ni Mhmong, wa asili ya Asia, mwanamke mdogo kama kijiti, anakula wali wa kunata kwa vidole kutoka kwenye kifuko huku anakufungulia faili. Kulikuwa na wakili pia, wa msaada wa kisheria, kijana mwenye soksi zisizofanana. Wamefanikiwa kupata nakala za karatasi zetu zote. Rundo! Hayo yote niliyasaini mimi?

"Uliyasoma?" wakili akauliza.

"Itzel alikuwa mdogo, alikuwa analia."

Hakucheka wala hakunikemea. Akatoa ukurasa mmoja. "Na hii?"

Barua ya zawadi. Amparo Lizárraga anathibitisha kwamba amempa Nereida Barragán, yaani mimi, dola elfu nane za malipo ya awali, kama zawadi, hazirudishwi. Chini sahihi yake. Chini ya hiyo sahihi yangu, eti nimepokea. Na katikati mahali palipoandikwa *uhusiano wenu*, kuna neno moja kwa mkono wa Amparo: comadre.

Pembeni kuna doa. Hata kwenye nakala linaonekana. Nalijua doa lile.

Desemba 2005, jikoni kwa Amparo, tunafunga tamales, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda ya mahindi, wanawake sita na mafuta mpaka kwenye viwiko. Amparo ndiye aliyemshika Itzel kwenye maji ya ubatizo. Tangu siku hiyo mimi na yeye hatujaitana majina. Yeye comadre, mimi comadre: mama wawili wa mtoto mmoja. Mumewe Rogelio ni dalali wa mikopo. Aliingia na tai yake na karatasi, anacheka. "Comadre, nyumba yako iko hapa mkononi!"

Nikamwambia, compadre, tuna dola elfu moja na mia mbili tu, utatuuzia mlango?

"Wee! Hujui habari. Serikali inataka kila mtu awe na nyumba. Zile kampuni kubwa wamewekewa kiwango: kila mwaka lazima wanunue mikopo ya watu wa kipato kama chenu. Wakiwakosa ninyi, wamekosa kiwango. Wewe ni lulu, comadre! Wanakutafuta wewe kwa tochi!"

Wote tukacheka. Lulu yenyewe imejaa mafuta ya nguruwe. Amparo akanawa mkono mmoja, akasaini. Nikasaini. Hizo elfu nane sikuziona, na nadhani Amparo naye hakuziona. Bi. Thao anasema zilitoka kwa muuzaji, zikaongezwa kwenye bei ya nyumba, zikarudi kwake. Tulijipa zawadi kutoka mfukoni mwetu, kwa riba.

Wakili akaeleza polepole, nami nikamwambia arudie. Barua ina matundu mawili. La kwanza: pesa haikupita. Lakini tundu hilo litatumeza mimi na Amparo, kwa sababu sahihi ni zetu. La pili: kwa kanuni, anayetoa zawadi lazima awe ndugu, wa damu au wa ndoa. Comadre si ndugu. Karani wa kampuni iliyotukopesha aliliona neno lile akalipitisha. Tundu hilo linaimeza kampuni.

"Mwezi wa nne kamati ya bunge la jimbo inakuja hapa," akasema. "Wanataka kujua nani alaumiwe kwa mikopo hii. Ukisema mbele yao, ikaandikwa kwenye kumbukumbu zao, kesho yake naenda nayo mahakamani kuomba mnada usimame."

"Niseme nini?"

"Sentensi moja. Comadre si ndugu."

Chuy akapiga chafya. Bi. Thao akamfuta pua kwa leso yake mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Basi!

Saa nne asubuhi, nimevaa kanga ya kuogea, nywele zinachuruzika, nikasikia breki. Basi jeupe la abiria, limeandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu: ZIARA YA NYUMBA ZA MNADA. Watu thelathini hivi, wana kahawa mikononi na karatasi za orodha. Wakashuka kwenye nyumba ya tatu, ile iliyohamwa, wakaingia, wakatoka, mmoja amebeba kitasa. Kisha basi likatambaa mpaka mbele ya kwetu, likasimama. Hawakushuka. Kiongozi wao alikuwa na kipaza sauti, dirisha wazi, nasikia kila neno: hii bado ina watu, lakini tarehe 15 Aprili, vyumba vitatu, gereji ya magari mawili, angalieni paa lilivyo zima.

Paa lilivyo zima! Mume wangu yuko Texas anaezeka ya wengine.

Chuy nilikuwa nimempakata dirishani. Akawapungia mkono. Amejifunza wiki hii tu kupunga. Mama mmoja ndani ya basi naye akampungia, kisha akashusha mkono taratibu, akatazama kwingine.

Nikafunga pazia. Nikalifungua tena. Ni dirisha langu bado. Nikasimama pale pale na kanga yangu mpaka walipoondoka.

Jumanne, 18 Machi

Nyumba ya tatu wamepaka rangi majani. Rangi kweli, kwa bomba! Majani yaliyokufa yamekuwa kijani kama meza ya kamari. Itzel amerudi na nyayo za kijani mpaka jikoni. Nimepiga deki mara mbili.

Efrén amepiga simu. Nimemwambia kuhusu sentensi.

"Sema," akasema. "Neno tu hilo."

"Ni Amparo."

"Najua ni Amparo. Rogelio alitufikiria sisi alipokuwa anajaza karatasi? Kikulacho ki nguoni mwako, Nere."

"Amparo si Rogelio."

"Wamelala kitanda kimoja miaka ishirini!"

Nikamkumbusha nani alikaa nami siku arobaini nilipojifungua Itzel, yeye akiwa kazini Fresno. Nani alinifunga tumbo kwa kitambaa, nani alinipikia supu ya kuku asubuhi na jioni, nani alinikataza kushika maji baridi. Nani alirudia yote hayo kwa Chuy, na mgongo wake mbovu.

Nikasikia misumari inapigwa nyuma yake. Kisha akasema, sauti imeshuka: "Kuta zile nilizipiga lipu mimi. Chumba cha watoto nilikipiga mara tatu mpaka kikalainika."

Najua. Nimeugusa ukuta huo mara ngapi.

Jumapili, 23 Machi. Pasaka

Nimekwenda kwa Amparo. Si kwake tena, ni gereji ya dada yake kule Lodi. Nyumba yao ilikwenda mwezi wa kumi na moja. Ndiyo, na Rogelio alijikopesha mwenyewe kwa karatasi zile zile! Aliamini alichouza. Sijui nimhurumie au nimzabe kofi.

Kitanda, jiko la gesi, masanduku, picha ya Bikira kwenye mlango wa gereji, kwa hiyo mlango ukifunguliwa Bikira anakwenda darini.

"Comadre, umekonda! Unakula nini, bahasha?"

"Zipo nyingi."

"Rogelio amepiga simu. Yuko Reno, amepata kazi ya hoteli. Anabeba masanduku ya wageni. Dalali wa mikopo!" Akajipiga paja. "Mungu ana mizaha, lakini hasubiri ucheke."

Alikuwa ameandaa mayai ya watoto, maganda matupu yamejazwa vipande vya karatasi za rangi. Itzel akampasulia moja kichwani kwa nguvu zake zote. Amparo akapiga ukelele, akamkimbiza kuzunguka gari, akaishiwa pumzi, akakaa. Na karatasi nyekundu na za njano kwenye mvi zake, ndivyo nilivyomwambia. Sikuweza kusubiri azipanguse.

"Wanataka niseme wewe si ndugu yangu."

"Nani wanataka?"

Nikamweleza. Barua, kanuni, tundu la kwanza na la pili, kamati. Alikumbuka kusaini. Alikumbuka hata kwamba siku ile tulizidisha chumvi kwenye tamales. Alidhani ni karatasi ya kusema sisi ni watu wema.

"Useme hivyo tu? Kwamba mimi si ndugu?"

"Hivyo tu."

"Na nyumba inabaki?"

"Labda. Mnada unasimama."

"Basi sema! Nikane mara tatu ukitaka. Hapa jogoo hawiki, kuna mbwa wa dada yangu tu."

Na mbwa akabweka! Saa ile ile! Tukacheka mpaka Chuy akaogopa. Nilicheka huku nalia, sikujua lipi limetangulia.

Akatupakulia maharage. Alikuwa ananipa mgongo muda mrefu kuliko maharage yanavyotaka. Aliponisindikiza mpaka kwenye gari akamfunga Itzel mkanda, akambusu Chuy unyayo, akanishika bega.

"Asante kwa kuja, Nereida."

Nereida.

Miaka sita sijasikia jina langu kinywani mwake. Nimeendesha mpaka nyumbani na redio imezimwa. Itzel ananiuliza kwa nini navuta kamasi, namwambia ni chavua za lozi.

Jumatano, 2 Aprili

Sina cha kuandika. Chuy ana homa. Jino.

Nimejizoeza ndani ya gari. Comadre si ndugu. Comadre si ndugu. Mara ya kumi inakuwa kelele tu, kama lozi kwenye mkanda. Nimefurahi. Halafu Itzel kutoka kiti cha nyuma:

"Nani si ndugu?"

"Hakuna mtu. Ni kazi ya mama."

"Kazi ya shule?"

"Ndiyo."

"Basi umekosea, mama."

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika kwenye benchi la korido, ukumbi wa manispaa, ghorofa ya pili. Nimepewa dakika kumi. Mlango wa ukumbi uko wazi, wanaona huku na mimi naona kule.

Niandike haraka.

Amparo amekuja. Sikumwomba. Nilimkuta ngazini, gauni la bluu la ubatizo wa Itzel, amelishonea kifungo. Akasema atakaa na watoto nje, "maana utahitaji mikono yako." Hakuniita jina wala comadre. Alisema "wewe."

Mimi nimekaa ndani tangu saa tatu nikiwasikiliza. Wanatupiana mpira! Bwana wa kampuni ya mikopo: sisi tulifuata malengo, serikali ilitusukuma tuwafikie watu wa kipato cha chini. Mama wa serikali: tulisema wafikieni, hatukusema wadanganyeni. Bwana wa kampuni kubwa inayonunua mikopo: karatasi zilipotufikia zilikuwa safi. Profesa: mkopaji naye ni mtu mzima, alisaini. Mbunge mmoja mnene akasema kosa ni la serikali kujifanya baba wa kila mtu. Mwenzake mwembamba akasema kosa ni la serikali kulala wakati wezi wanaingia. Wakazomeana kidogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna aliyesema "ni mimi." Kwa muda wa saa mbili na nusu, hakuna hata mmoja.

Kisha jina langu.

Kipaza sauti kilikuwa kirefu, nikakishusha. Mbele yangu taa ndogo ya kijani ya kuhesabu muda. Nilisema vizuri. Lile basi, majani yaliyopakwa rangi, riba. Bi. Thao alikuwa nyuma yangu, nanusa wali wake. Nikafika kwenye barua. Nikasema: karani aliona neno comadre akalipitisha, na kwa kanuni yao... Na hapo nikavuta pumzi ya ile sentensi.

Mbunge mwembamba akanikatiza. Kwa upole, hata. Alikuwa amepewa karatasi na yule bwana wa kampuni.

"Bi. Barragán, kampuni inasema karani wake hakulipitisha neno hili hivi hivi. Aliuliza maana yake, akaambiwa kwamba kwa watu wenu ni aina ya ndugu. Nataka kujua. Huyu Amparo alikuangalia ulipojifungua?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Arobaini. Mara mbili."

Watu wakanong'ona.

"Mtoto wako anamwitaje?"

Nikasema: madrina. Mkalimani akafasiri: mama wa ubatizo. Mbunge akaandika.

"Basi kwa kumbukumbu za kamati nijibu ndiyo au hapana tu. Comadre ni ndugu, au si ndugu?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema kitu ambacho hakiingii kwenye ndiyo wala hapana. Kwamba kama asingekuwa ndugu ningeisoma ile karatasi. Ningeisoma yote, mtoto alie mpaka achoke. Kwamba mimi sikuwasainia wao, nilisaini jikoni kwake. Andikeni hilo kwenye kumbukumbu zenu! Lakini hakuna mahali pa kuliandika. Kuna ndiyo, kuna hapana, na taa imekuwa ya njano.

Chuy akalia huku nje. Kilio cha jino, kile kinachopasua. Mwenyekiti akacheka kidogo, akasema dakika kumi, mama ashughulikie mwanawe.

Nilipotoka Amparo alikuwa ameshasimama, anamtikisa, anamwimbia kwa pua. Mlango uko wazi, nadhani alisikia kila kitu. Uso wake hauoneshi. Nikamnyonyesha Chuy, akanyonya kidogo, akaachia, akalia tena.

"Nipe mtoto, co—" akasema, akameza nusu iliyobaki.

Nikampa. Akamtia kidole chake mdomoni, akamsugua ufizi. Kimya. Mara moja tu! Mwanangu mwenyewe. Amejilaza begani kwake, ameushika mkufu wake kwa ngumi, na anafumba macho.

Itzel anakula nusu ya mkate wake wa mahindi, nusu nyingine ameiweka kwenye paja la Amparo bila kuuliza.

Bi. Thao ametoka, amechuchumaa mbele yangu. Amesema mnada ni Jumanne. Amesema hatanilazimisha. Amesema mwenyekiti ameomba niingie na mtoto ikiwa bado analia, hawatajali.

Ameacha kulia.

Nikiingia peke yangu watamwona pale mlangoni, na gauni lake la bluu, na mwanangu amelala shingoni kwake. Wote wataona, na yule mwembamba na karatasi yake. Sentensi yangu itafika imeshajibiwa. Nikitaka isimame lazima kwanza nimchukue Chuy, niifungue ile ngumi kidole kimoja kimoja kutoka kwenye mkufu.

Karani wa kamati anaita: Bi. Barragán.

Amparo amenitazama. Amegeuza bega kidogo upande wangu, bega lenye mtoto, ili nifikie. Ananirahisishia.

Wameita mara ya pili. Nasimama. Nimeugusa mkono wa Chuy, una joto, na kidole cha kwanza kimeuachia mkufu.